Mwanangu anasema konyeza wapo Ziwa Tanganyika, mwalimu kamkosesha. Nani yuko sahihi?

#1 Mama wa Katonga
Habari za jioni wadau. Nina jambo linanikera tangu jana naomba mnisaidie.

Binti yangu yuko darasa la tatu, shule moja hapa Kigoma mjini. Waliambiwa kila mtoto atengeneze mnyama wa majini kwa vitu vya nyumbani, ambandike kwenye boksi, aandike jina lake na anapoishi. Wa kwangu katengeneza konyeza. Kachukua nailoni ya mkate kaitia pamba kidogo juu ikavimba kama mwavuli, chini kaning'iniza nyuzi za sufu nyeupe, kafunga na uzi wa kushonea, yani ukiipuliza inapanda na kushuka vizuri kabisa. Tulikesha nayo, gundi ya unga wa ngano ikatugandia mpaka kwenye shuka. Pale pa kuandika anapoishi akaandika BAHARINI NA ZIWA TANGANYIKA. Imerudi ina mstari mwekundu kwenye Ziwa Tanganyika, kaambiwa konyeza ni wa baharini tu.

Mtoto kalia. Anasema mama mi nimewaona, nilikuwa na baba mdogo kule mwaloni Kibirizi, vidogo vidogo kama vioo vinaogelea. Sitaki kugombana na mwalimu, ni mwalimu anayejituma na hii kazi aliyowapa ni nzuri. Ila sitaki mwanangu aambiwe alichokiona kwa macho yake hakipo. Nani anajua ukweli?

#2 Kijana wa Gungu
Dada konyeza ndo nini? Mi mtu wa ziwani toka nazaliwa hilo jina nalisikia leo.

#3 Mtanga wa Damu
Konyeza ni yule mnyama laini wa baharini, anaonekana kama mwavuli wa maji, ukimgusa anawasha vibaya sana. Wengine wanamuita yavuyavu. Sio samaki, hana mfupa, hana moyo, hana ubongo, mwili wake karibu wote ni maji. Mi nimezaliwa Tanga namjua vizuri maana alishanitandika mguu nikiwa mdogo nikalala na homa. Samahani mama ila mwalimu yuko sahihi, huyo ni wa maji chumvi. Mtoto labda aliona nailoni.

#4 Mzee wa Karabai
Mama wa Katonga mfute mtoto machozi, kaona sawasawa.

Nimevua dagaa kuanzia Kibirizi mpaka mbele ya Gombe zaidi ya miaka ishirini, mwanzo na karabai za mafuta ya taa baadae tukahamia taa za sola. Usiku wa giza ziwa likitulia unawasha taa, kabla dagaa hawajajikusanya unaviona vinapita, viduara upana wake kama sarafu ya shilingi mia mbili, vinajikunja vinajikunjua, vinajikunja vinajikunjua. Ukikinga kiganja ukainua vinapotea, unabaki na maji na kitu kama ute wa bamia. Haviwashi, mi vimenipitia mkononi mara nyingi tu. Jina la maana hatukuwa nalo, marehemu baba alikuwa akiviona anasema maji yanapumua leo. Kumbe ndo hao mnawaita konyeza.

#5 Mwl wa Kasulu
Namuunga mkono Mzee hapo #4. Hili limeandikwa zamani sana. Mjerumani mmoja Richard Böhm aliwaona konyeza Ziwa Tanganyika mwaka 1883, na mwaka 1893 wakapewa jina la kisayansi, Limnocnida tanganyicae, hiyo tanganyicae ni ziwa letu hili hili. Wazungu walishangaa maana na wao walikuwa wanajua kama anavyojua Mtanga, kwamba konyeza ni wa maji chumvi.

Namtetea kidogo mwalimu mwenzangu. Vitabu vingi tunavyofundishia vinaandika konyeza chini ya kichwa cha wanyama wa baharini basi, na darasa lina watoto wengi, unasahihisha usiku. Nenda kwa upole mama, mwambie na ataelewa.

#6 Mtanga wa Damu
Nimerudi kusoma #4 na #5, naomba radhi kwa mtoto. Mwambie mjomba wa Tanga kakosea.

Ila sasa swali limekuwa kubwa zaidi. Kutoka Tanga mpaka Kigoma ni nchi nzima unaikata kwa upana wake, treni yenyewe inalala njiani. Huyo konyeza alifikaje huko?

#7 Kijana wa Gungu
Hapo jibu ni jepesi, hili ziwa lilikuwa bahari. Angalia vitu vyake. Kuna kaa. Kuna konokono wana miiba na makombe magumu kama ya baharini. Kuna dagaa. Kuna mawimbi yanazamisha mitumbwi. Halafu Uvinza kuna chumvi, ilitoka wapi kama hapakuwa na bahari? Na ndo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani. Bahari ilijifunga ikabaki hapa maji yakawa matamu taratibu.

#8 Mwl wa Kasulu
Kijana wa Gungu, mawazo yako yana heshima yake, maana kuna Mwingereza anaitwa Moore alikuja miaka ya 1890 kuchunguza ziwa akasema hivo hivo, kwamba konyeza na konokono hawa ni mabaki ya bahari ya kale. Aliwafananisha konokono wetu na mabaki ya konokono wa baharini waliogeuka mawe. Ila waliokuja baadae hawakukubaliana nae. Ziwa lipo kwenye Bonde la Ufa, ardhi ilipasuka ikadidimia, umri wake unakadiriwa miaka milioni 9 hadi 12, na bahari haikuwepo hapo.

Wale konokono makombe yao ni mazito kwa sababu ya kaa. Kaa wa ziwa letu wana makucha ya kuvunjia, konokono mwenye kombe laini analiwa, mwenye kombe gumu anabaki anazaa. Vizazi na vizazi mpaka wakafanana na wa baharini ambako nako kaa wanavunja.

Na kwa kina sisi ni wa pili, wa kwanza ni Baikal ya Urusi. Ila kwa urefu maziwa yote ya maji baridi duniani yanatuona.

#9 Mnyamwezi wa Cheyo
Tabora tupo. Kuhusu chumvi ya Uvinza, pale ni chemchemi, maji ya chumvi yanabubujika toka chini, watu wanayachemsha. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wanaifuata kwa miguu kuibeba kufanya biashara kabla hata reli haijafikiriwa. Chumvi kutoka ardhini haimaanishi hapo juu palikuwa na bahari.

#10 Kijana wa Gungu
Nyie Tabora mnajua nini kuhusu maji jamani, si mna bwawa la Igombe tu hahaha.

#11 Mnyamwezi wa Cheyo
Igombe lilitunywesha mji mzima miaka mingi, liheshimu. Na asali tunakuuzia sisi.

#12 Nimesomea Samaki
Naongezea kwenye dagaa maana #7 kawagusa. Dagaa wa Tanganyika kweli ni ukoo mmoja na dagaa wa baharini, sio kama wale wa Mwanza ambao ni ukoo mwingine kabisa, ndo maana hata ladha haifanani. Mwaka 2008 walitoka matokeo ya vipimo vya vinasaba vikaonesha kwamba mababu wa dagaa wetu waliingia kutoka baharini upande wa Afrika Magharibi, zamani mno hata ziwa halijazaliwa, wakazoea maji baridi, wakasambaa kwenye mito ya Kongo mpaka wakafika hapa. Kwa hiyo bahari haikuja Kigoma. Wao ndo walitoka baharini kwa miguu yao, tuseme kwa mapezi yao. Mi naona konyeza nae alipita njia hiyo hiyo.

#13 Wa Kirumba
Mwanza hapa. #12 hiyo ya mito sawa, ila konyeza wa ukoo huo huo wameshaonekana mpaka Ziwa Victoria, na Victoria haimwagi maji Kongo, inamwaga Nile. Kwa hiyo mto peke yake hautoshi. Mi naamini ndege. Konyeza kabla hajawa mwavuli anaishi kama kitu kidogo sana kimejishika kwenye jiwe au jani, ndege anaweza kuondoka nacho kwenye miguu yenye tope akatua ziwa jingine.

#14 Mzee wa Karabai
Ndege wa kutoka Kongo mpaka Mwanza mguu haujakauka? Mimi hapo bado.

#15 Mama wa Katonga
Jamani asanteni sana, nimemsomea binti #4 na #5 karuka ruka chumba kizima. Yale "maji yanapumua" kayapenda kweli.

Hayo ya ndege na mito endeleeni mi nasoma. Ila nirudi kwenye mikono ya watoto. Wakati anatengeneza niligundua kitu, alikuwa anauliza maswali ambayo akisoma kitabu haulizi. Mama hizi nyuzi ni za nini? Mama mbona hana macho? Anakula kwa wapi? Nilikuwa sina majibu. Na mwisho wa yote boksi la darasa lao nimeliona, papa, pweza, kasa, kiboko na kambale wote wamegandishwa kwenye karatasi moja ya bluu kama wanakaa nyumba moja. Mwenye uzoefu wa kufanya hizi kazi na watoto atupe mawazo, wikiendi tunataka kufanya nyingine.

#16 Mtanga wa Damu
Hapo umenigusa. Karatasi moja ya bluu ndo kosa lenyewe. Bahari sio chumba kimoja.

Nakupa ninayofanya na wanangu. Chukua boksi la sabuni kata upande mmoja. Chini weka mchanga na vijiwe na gundi, kona moja weka mawe makubwa yenye vishimo. Halafu kata karatasi ya bluu iwe inavutika kama droo, ukiivuta inafunika mchanga ukiirudisha inaacha mchanga wazi. Hiyo ndo maji kujaa na kupwa. Sasa mtoto apange nani anabaki pale maji yakipwa. Kaa anaingia shimoni. Kiti cha pweza anajishika kwenye jiwe. Pweza anakaa kwenye tundu la mwamba, huyo mtengeneze kwa ile kata ya karatasi ya chooni, pasua chini vipande nane uvikunje, na mwambie mtoto ana mioyo mitatu na damu yake ni ya bluu, hatasahau. Samaki anatakiwa aondoke na maji, akisahauliwa mchangani ameisha. Wa kwangu mdogo hucheza hiyo masaa.

#17 Mnyamwezi wa Cheyo
Mtanga kiti cha pweza ni nini? Juzi mwanangu kaja na neno hilo tukatengeneza kiti kweli, cha njiti za kiberiti, tukamkalisha pweza juu.

#18 Mtanga wa Damu
Hahaha asee mpe hongera zake nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza. Kiti cha pweza ni mnyama mwenyewe, yule wa umbo la nyota ana mikono mitano. Hana ubongo, hana damu, anatembea kwa vijimiguu vidogo vya maji chini ya mwili. Kile kiti msikitupe lakini.

#19 Mzee wa Karabai
Swali kwa Mtanga. Hiyo kujaa na kupwa huku kwetu haipo, ziwa linapanda mvua zikiwa nyingi na kushuka taratibu. Kwenu inaendeshwa na nini?

#20 Mtanga wa Damu
Mwezi Mzee wangu, na jua kidogo. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, hapo akina mama wanaenda mbali kabisa kwenye miamba kutafuta pweza na chaza.

#21 Mzee wa Karabai
Angalia maajabu. Sisi mwezi ukiwa mpevu ndo tunavuta mitumbwi juu tunashona nyavu, maana mwanga umeenea kila mahali taa yetu haivuti dagaa. Mwezi huo huo unawatoa akina mama wa pwani nyumbani, huku unatulaza wavuvi. Mama wa Katonga hilo mtoto alitengeneze, mwezi mmoja katikati, pwani upande huu ziwa upande huu.

#22 Binti Ujiji
Mimi nina hoja tofauti. Kwanini mtoto wa Kigoma aanze na papa na nyangumi ambao hajawaona wakati mbele ya nyumba yao kuna ziwa lenye samaki ambao hawapo popote pengine duniani? Kuna vile visamaki vinavyoishi ndani ya makombe matupu ya konokono huko chini, familia nzima, kila mmoja na kombe lake, hatari ikija wote wanazama ndani. Makombe yamejaa ufukweni, mtoto aokote kumi, atengeneze visamaki vya karatasi, tayari ana mtaa mzima. Kuna samaki mama anayelea watoto mdomoni, huyo mi nilimtengeneza na watoto wa dada kwa bahasha ya kaki, mdomo wa bahasha ndo mdomo wa samaki, ndani vitoto ishirini vya karatasi. Unaufungua vinatoka, unapiga kelele vinarudi. Na kuna kambale mjanja anamchomekea huyo mama mayai yake ili amlelee. Watoto walikasirika kweli kweli, wakaanza kupekua bahasha kumtafuta mtoto wa kambale.

#23 Mtanga wa Damu
Binti Ujiji naelewa ila sikubali kuchagua. Farasi wa baharini baba ndo anabeba mayai kwenye mfuko wa tumbo. Ukiweka bahasha ya mama wa ziwani pembeni ya mfuko wa baba wa baharini mtoto anajifunza zaidi kuliko akipewa mmoja. Bahari nayo ni yao, nchi hii ina pwani.

#24 Binti Ujiji
Sikatai bahari. Nasema kipi kianze.

#25 Mpita Njia Mwandiga
Nailoni mmeitoa wapi na rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019? 😀

#26 Mama wa Katonga
Ya mkate, nimesema #1. Hatukuvunja sheria.

#27 Nimesomea Samaki
Tena hiyo nailoni ina somo lake. Kasa anakula konyeza, na mfuko wa plastiki ukielea baharini anauona ni konyeza anaumeza, unamziba tumbo. Mtoto aliyetengeneza konyeza kwa nailoni ameshaelewa kasa anakosea wapi, muoneshe tu vyote viwili ndani ya beseni la maji aseme kipi ni kipi. Na wakitengeneza kasa kwa trei ya mayai wamuwekee mapezi, sio miguu ya kobe. Kasa wa baharini hawezi kuingiza kichwa ndani ya gamba.

#28 Kijana wa Gungu
Dagaa kilo sh ngapi Kibirizi sasa hivi maana uzi umenitia njaa.

#29 Mzee wa Karabai
Inategemea giza au mbalamwezi, njoo mwenyewe asubuhi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ndo tulijua thamani ya hao dagaa. Wajukuu wangu walikuwa wananiuliza kila siku babu samaki wameshakua?

#30 Mwl wa Kasulu
Mama wa Katonga nimefikiria lile swali lako #15. Nakupa tuliyofanya darasani kwangu, haina gharama.

Chukua kamba urefu wa sentimita 147, ining'inize ukutani. Kila sentimita ni mita kumi. Hiyo ni kina cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470. Waambie watoto wabandike samaki wao wote, migebuka, sangala, kuhe, dagaa, konyeza, kaa. Watawatawanya mpaka chini. Halafu waambie warudishe wote juu, kwenye sentimita kumi za kwanza, kusini mwa ziwa labda ishirini. Chini ya hapo hewa ya oksijeni hakuna, samaki hawezi kuishi, ni giza na vijidudu visivyohitaji hewa. Maji ya juu yana joto ni mepesi, hayachanganyiki na ya chini. Darasa lilinyamaza kimya. Mtoto mmoja akauliza, kwa hiyo mwalimu ziwa letu karibu lote ni tupu?

Kisha nikatoa kamba ya pili, ya bahari, kipimo kile kile. Karibu mita kumi na moja. Tuliizungusha darasa zima ikatokea mlangoni. Kule hewa inafika mpaka chini, kwa sababu huko kwenye ncha za dunia maji yenye baridi na chumvi yanakuwa mazito yanazama na hewa yake. Kwa hiyo wanyama wapo mpaka mwisho wa kamba, wengine wanajiwakia taa wenyewe. Watoto walitembea na kamba wakibandika mmoja mmoja mpaka nje ya mlango.

#31 Wa Kirumba
#30 hii naiba naipeleka kwa mwalimu wa wanangu. Victoria kwa kamba hiyo itakuwa na sentimita nane tu, nimeumia kidogo.

#32 Kijana wa Gungu
Hahaha karibuni Kigoma. Ila Mwalimu bado hujanijibu, kama chini hakuna hewa konyeza wa kale alipitia wapi kama sio bahari?

#33 Nimesomea Samaki
Alipitia juu mkuu, mitoni, nimeandika #12.

#34 Wa Kirumba
Kwa ndege.

#35 Mama wa Katonga
Narudi na mrejesho. Leo alfajiri baba mdogo alimchukua mwaloni na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ya kwanza walitoka na maji matupu. Ya pili wakapata viwili. Wametuletea nyumbani tukaweka dirishani, mwanga ukipita unaona duara na pembeni nyuzi fupi nyembamba kama kope. Vinajikunja vinajikunjua kama alivosema Mzee. Mtoto akasema mama nilikosea, nilimuwekea nyuzi ndefu, hizo ni za yule wa baharini, huyu wa kwetu ana fupi na ziko ukingoni zimezunguka.

Akakata nailoni nyingine ndogo, hii upana wa kifuniko cha soda, kaweka nyuzi fupi pembeni. Sasa anao wawili, mkubwa kaandika BAHARINI, mdogo kaandika ZIWA TANGANYIKA. Vile viwili tumevirudisha ziwani kabla jua halijawa kali. Jumatatu naenda nae kwa mwalimu na chupa.

#36 Mzee wa Karabai
Mwambie mwalimu aje mwenyewe wiki ijayo ni giza, nitamtafutia nafasi kwenye mtumbwi. Na huyo mdogo mtoto kamuandika jina gani?

#37 Mama wa Katonga
Maji Yanapumua.